Mtandao Wetu Unavuja

Jumatatu, 9 Juni

Ruta imekufa. Ile ya zamani, tuliyopewa na kampuni ya mtandao siku walipotuvutia waya. Taa zote zikawa nyekundu, kisha hakuna taa. Nimeipiga kofi. Nimeipiga la pili. Nimeifungua kwa bisibisi, nikakuta vumbi na mende mmoja aliyekauka. Nimeifunga. Basi tena.

Ingekufa wiki nyingine nisingejali. Mimi fundi bati, mtandao wa nini? Masanduku, ndoo, makarai, mifereji ya paa, matanki. Miaka ishirini na sita ya kuziba. Kitu nilichokiziba mimi hakijawahi kuvuja, na mteja anayesema vinginevyo ajitokeze.

Lakini leo mke wangu amepata barua pepe. Ameitwa kwenye usaili! Jumanne ijayo, tarehe 17, saa nne kamili asubuhi, kwa video. Kazi ya ukufunzi: kuwafundisha wauguzi wa vituo vya mbali, naye amekaa nyumbani mbele ya kompyuta. Hakuna zamu za usiku tena. Mwaka wa ishirini na mbili huu yuko wodi ya watoto. Asubuhi akirudi miguu imevimba, viatu havitoki mpaka vivutwe. Huwa navivuta mimi. Anajikaza asilie, na mimi najikaza nisimtazame usoni. Kazi hii lazima aipate.

Ameisoma barua mara tatu kwa sauti, kwangu na kwa mama yake. Mama mkwe tunaishi naye, ana chumba cha nyuma na kishikwambi chake cha kutazamia tamthilia. Amempongeza binti yake, kisha akauliza kama mtandao utarudi kabla ya saa moja. Hapo mke wangu akaniambia nimpigie mdogo wake, atuchagulie ruta nzuri.

Mdogo wake! Shemeji yangu ni fundi kompyuta. Mwaka jana televisheni yetu iligoma mbele ya wageni kumi na mmoja. Nilikuwa nimeshatoa skrubu zote za mgongoni. Shemeji akaingia, akachomeka waya ukutani, ikawaka. Hakusema neno. Angesema neno ningemsamehe.

Nimempigia, kwa ajili ya amani ya nyumba. Amesema nichukue ya kawaida tu, yenye antena mbili tatu, niiweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Nikamshukuru. Nikakata simu nikala kiapo. Ruta ya nyumba hii nitaichagua mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimefunga karakana mapema, nimekwenda duka la vifaa vya kompyuta. Binti wa dukani, mpole, miwani minene. Maswali yake hayakuwa na adabu. Nyumba ina vyumba vingapi? Kuta za tofali au za mbao? Mnatumia simu ngapi? Kampuni inawapa kasi gani? Nikamjibu kwamba nimekuja kununua, sikuja kuhesabiwa.

Akanitolea moja nyeupe, ndogo, antena mbili. Akasema hii inawatosha kabisa, tena na nyongeza. Nikaigonga kwa kidole. Plastiki! Nikaipima mkononi. Nyepesi kama mkate uliokosa hamira. Nikamwomba anionyeshe zote, na anipangie kwa uzito.

Akasema hakuna anayechagua ruta kwa uzito. Nikamweleza kwa upole wa mtu mzima kwamba bati jepesi hutoboka, bati zito hudumu, na hii ni kanuni ya vitu vyote. Akazipanga. Mungu ambariki kwa subira yake.

Nzito kuliko zote ni nyeusi, ina antena nane na taa nyekundu tumboni. Imekaa kama buibui aliyepinduliwa. Nikajua hapo hapo. Binti akasema ile ni ya ofisi ya watu sitini, kwa nyumba ya kuishi ni kama kukodi lori la kubebea kiberiti. Nikamwambia anifungie.

Mke wangu ameuliza kama ndiyo aliyoisema mdogo wake. Nimemjibu kwamba mdogo wake alisema antena mbili tatu, na mimi nimezidisha. Akacheka kidogo, akaenda kujiandaa kwa zamu. Kicheko chake kikinitoka masikioni nitakuwa nimeshazeeka.

Jumatano, 11 Juni

Inafanya kazi! Inaruka! Mama mkwe ametazama sehemu nne za tamthilia mfululizo bila kukwama, amenibariki mara mbili na kuniita mwanangu. Kwa kawaida huniita baba, na si kwa sauti ile.

Mtandao unataka jina. Nimeupa jina FUNDI MKUU. Nenosiri amechagua mke wangu, nami nimekatazwa kuliandika popote, hata humu.

Jioni nikatoka uani kifua mbele. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa anamwagilia mchicha wake upande wa pili wa ua. Akanisalimia, akanipongeza. Nikamuuliza kwa lipi. Akasema kwa mtandao mpya, ameuona kwenye simu yake, FUNDI MKUU, umejaa pomoni. Akanionyesha. Jina langu, nyumbani kwangu, kwenye simu ya Mwalimu! Katikati ya mchicha!

Nilirudi ndani. Unavuja. Mtandao wetu unavuja. Unapita ukutani na madirishani kama maji kwenye ndoo iliyokula kutu, unamwagika kwa Mwalimu, na kinachobaki humu ndani ni masazo. Jumanne mke wangu atakaa mbele ya wakubwa na masazo.

Nimempigia shemeji, nikijifanya nauliza juu ya mtu mwingine. Akasema kuonekana kwa jina si kuibiwa, nenosiri linatosha. Lo, huyu mtu! Nenosiri ni kufuli. Ni tanki gani liliwahi kuacha kuvuja kwa sababu limefungwa kufuli? Nilimwacha na usomi wake.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimeziba madirisha ya sebuleni kwa bati mbili. Mke wangu amerudi kutoka zamu, ameingia gizani, amejigonga kwenye stuli kwa mguu uleule unaomuuma zaidi. Nimeziba, nimezibua. Yote kabla ya chai. Amesema nimwachie mwanga walau, mengine tutaongea.

Nikafikiri upya karakanani. Kosa langu nililiona. Ndoo ikivuja huzibi chumba, unaziba ndoo. Kumbe nizibe ruta yenyewe!

Nimeacha sanduku la mteja mmoja wa harusi likiwa halina kifuniko. Nimechukua bati jipya, zito, lile ninalolificha nyuma ya tanuri. Nimepima Buibui mara mbili. Nimekata, nimekunja, kona zote nimezikunja mara mbili na kuzigonga zikalala. Kisha nimelehemu kila mshono, ndani na nje, taratibu, mpaka risasi ya kulehemia ikatambaa kote bila pengo. Tundu moja tu la waya, nalo nimelizungushia mpira. Bawaba mbili. Kufuli la ndani kwa ndani, lisilong'oka. Nimeziba tundu kwa kizibo, nimelijaza maji nusu saa. Hata tone! Nikalikausha kwa kitambaa, nikalipaka rangi ya kijani.

Nimetengeneza masanduku zaidi ya elfu katika maisha yangu. Hili ndilo bora kuliko yote. Nililiweka juu ya meza, nikakaa mbele yake nikanywa chai. Mteja wa harusi alipokuja akaniuliza kama lile zuri la kijani ndilo lake. Nikamwambia hilo haliuzwi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeiweka Buibui sandukuni saa mbili asubuhi. Nikafunga kufuli. Nikatoka kumchungulia Mwalimu juu ya ua, nikamwomba anitazamie simu yake. FUNDI MKUU hayupo! Ametoweka! Mwalimu akanipa pole. Nikamwambia asante, nikaingia ndani nacheka peke yangu.

Saa tatu mama mkwe ameita. Kishikwambi kimeganda. Yule mwanamume mwenye suti alikuwa amefungua mdomo kumwambia mkewe siri, na mdomo umebaki wazi hivyo hivyo. Nikamwambia asubiri. Amesubiri mpaka saa sita. Mdomo bado uko wazi. Hajaniita mwanangu.

Simu yangu nayo hakuna kitu. Kompyuta ya mke wangu hakuna kitu. Nimetafakari kwa makini. Juzi ilifanya kazi, jana ilifanya kazi, leo imezimia. Jibu ni moja tu. Buibui ilikuwa na nguvu ya siku mbili, ikachoka. Bidhaa za siku hizi! Yule binti mpole mwenye miwani amenipiga changa la macho.

Nimeirudisha dukani nikiwa nimevimba. Binti akaichomeka pale pale, ikawaka, simu zote za dukani zikaikamata, hata ya mlinzi mlangoni. Nikanywea. Akaniuliza nyumbani naiweka wapi. Nikasema mahali salama. Akauliza salama vipi. Siri ya ufundi haimwagwi ovyo, nikasema tu kwamba nyumba yangu ina shida zake.

Akaniambia kama kuna kona ambazo mtandao haufiki, basi nichukue ruta pacha: moja inakaa kwenye waya, ya pili inakaa mbali kidogo na kuupokea mtandao kwa mwenzake na kuusambaza. Mbili! Kwa nini hakusema tangu mwanzo? Akapokea Buibui, akanipa mapacha. Weupe, duara, kama mabakuli yaliyofunikwa. Nyepesi, lakini mbili ukizijumlisha zinapata uzito.

Jumamosi, 14 Juni

Pacha wa kwanza ameingia vizuri kwenye sanduku la kijani. Kwa pacha wa pili nimetengeneza sanduku jingine, dogo, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kijani pia, wafanane. Huyu nimemweka ukumbini karibu na chumba cha mama mkwe, aone kwamba namjali.

Hakuna mtandao sebuleni. Hakuna mtandao ukumbini. Sasa haupo sehemu mbili.

Mke wangu amekaa na madaftari yake, alitaka kujaribu video na rafiki yake wa kazini. Amejaribu. Amezima kompyuta, amewasha. Amejaribu. Akauliza taratibu kama jambo hili linahusu hayo masanduku. Nikamwambia masanduku ni ulinzi. Akaniangalia. Ana macho ya muuguzi, yanakuhesabia mapigo ya moyo hata ukiwa mbali. Akaniambia nisihangaike hivyo kwa ajili yake, kwamba anajua ninavyomtakia mema. Kisha akaenda kwa mama yake, nikasikia anaongea na simu. Nilisikia neno mdogo wangu.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji amekuja. Nilikuwa tayari. Masanduku nimeyafunga, ufunguo nimeuficha mahali ambapo hata shetani hapati. Mpango: asipoona ruta, hawezi kuchomeka kitu, hawezi kuwa shujaa.

Akalitazama sanduku la kijani. Akaligonga. Akalizunguka. Akauliza ruta iko wapi. Nikasema humo. Akauliza humo ndani? Nikasema humo. Akakaa kwenye kochi, akaficha uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mama mkwe naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Alipopata pumzi akanieleza. Eti bati linazuia mawimbi ya mtandao. Eti nimeijengea ruta jela. Eti shemeji, huo mtandao umeuzika mzima mzima, tena kaburi bila hata ufa. Hapo pa ufa nilifurahi kidogo, maana ni kweli. Mengine ni wivu. Mtu aliyesoma miaka minne kuchomeka nyaya haoni raha kuona mshono wangu.

Akaomba ufunguo. Nikasema umepotea. Akaomba mkasi wa bati. Nikasema atakayeligusa sanduku hili atanigusa mimi. Maneno hayo yalinitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mke wangu hakucheka. Hata mara moja. Alisema tu kwamba Jumanne akitoka zamu ataenda moja kwa moja kwa mdogo wake, atafanyia usaili huko, na asitokee mtu wa kugombana. Akaninyooshea kola ya shati akipita. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Nimekata bati za ndoo tatu, zote kombo. Mteja wa harusi amechukua sanduku lake na hakusema asante.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Sikutaka sifa za mtaani. Nilitaka watu wa kazi mpya wamuulize mke wangu mbona mtandao wako ni mzuri, naye aseme ni mume wangu. Neno moja hilo tu. Yeye amewahudumia watoto wa watu mpaka miguu imeharibika, na mimi cha kumpa nina bati. Sasa ataketi nyumbani kwa shemeji, kwenye kiti cha shemeji, na mimi nitakuwa hapa naziba ndoo.

Nimempigia shemeji, nikamwomba amwekee dada yake stuli ya kuegeshea miguu. Akasema ameshaiweka. Nimeshukuru, na nimekasirika pia.

Jumanne, 17 Juni

Kidole kimefungwa bandeji, mwandiko unisamehe.

Saa tatu na nusu asubuhi, mlango ukafunguka. Mke wangu! Sare ya kazini, viatu mkononi, peku. Muuguzi wa kumpokea zamu alichelewa saa mbili nzima, na mtoto mmoja wodini alizidiwa, hakuweza kumwacha. Kwa mdogo wake ni mwendo wa saa zima na miguu haiendi. Akakaa kwenye kochi. Akasema kwa sauti ndogo, nusu saa. Kisha akasema neno moja, "Fungua."

Nikaenda kuchukua ufunguo mahali nilipouficha. Haupo. Mahali pale nilipafahamu, palikuwa pazuri mno, lakini ufunguo haupo! Chini ya godoro, hakuna. Kopo la misumari, hakuna. Mama mkwe amemwaga mkoba wake wote kitandani, ingawa hakuna aliyemwambia aumwage. Shemeji, tuliyempigia, yuko kwenye simu anapiga kelele nitoe ruta kwenye hilo jeneza. Saa nne kasoro dakika kumi na tatu.

Nilijaribu bisibisi kwenye kufuli. Kufuli langu haling'oki, niliandika mwenyewe Alhamisi. Nilijaribu bawaba. Bawaba zangu nazo ni zangu. Mke wangu alikuwa ameshavaa blauzi yake ya bluu, anajichana mbele ya kompyuta isiyo na kitu, na kitana kilimwanguka mara mbili. Mkono ule unachoma sindano watoto wa siku mbili. Sijawahi kuuona unaangusha kitu.

Nikachukua mkasi wa bati. Nikatoboa kifuniko kwa patasi na nyundo, nikaingiza mdomo wa mkasi, nikakata. Lilikatika kwa ugumu, bati zuri hulia likikatwa. Nikakata kona yangu ya kwanza, ya pili, mshono wangu wote wa risasi. Nimejikata kidole gumba. Sikujali! Lingekuwa la dhahabu ningelikata.

Nikamtoa pacha. Saa nne kasoro dakika tatu simu ya mke wangu ikalia, kompyuta ikalia, kishikwambi huko nyuma kikaanza kuongea, yule wa suti akamaliza siri yake. Mama mkwe akakizima mwenyewe. Sijawahi kumpenda mama mkwe namna ile.

Shemeji akasema kwenye simu, juu, iweke juu. Waya ni mfupi, haufiki kabatini. Basi nikasimama nyuma ya kompyuta, nje ya picha, nikamwinua pacha juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikakaa hivyo dakika arobaini na tano.

Walikuwa watu watano kwenye kioo. Mmoja akamuuliza afanye nini muuguzi aliye peke yake kituoni, mtoto anatapatapa kwa degedege, barabara imekatika na hakuna daktari. Mke wangu hakukimbilia jibu. Alieleza hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini, nini kwanza, nini kisifanywe kamwe, mama wa mtoto aambiwe nini ili asikate tamaa. Mkubwa wao akaacha kuandika akawa anasikiliza tu. Damu ya kidole ilikuwa inanitiririka mpaka kwenye kiwiko na sikuisikia. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na sikuwa nimewahi kumwona akiwa kazini. Nimeoa mtu mkubwa, jamani. Nimeoa mtu mkubwa na kazi yangu ilikuwa kuvuta viatu.

Mwishoni yule mkubwa akamsifia, kwamba kati ya wote picha yake ndiyo isiyokatika, mtandao wake ni wa namna gani? Mke wangu hakugeuza hata jicho upande wangu. Akasema, "Mtandao wa hapa anaushughulikia mume wangu."

Nilikaribia kumwangusha pacha.

Amenifunga kidole mwenyewe, kwa bandeji ya wodini. Mimi nimemvutia kiti, nikampashia maji ya miguu. Ufunguo nimeukuta jioni kwenye mfuko wa aproni yangu. Nimeuweka kimya.

Ijumaa, 20 Juni

Ameipata! Wamepiga simu saa tano. Ameipata kazi! Alikuwa jikoni, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, asante sana, akaweka simu juu ya gunia la unga na kukaa sakafuni. Nikadhani ni miguu. Alikuwa analia kwa furaha. Nikakaa naye hapo sakafuni, na mama mkwe akaja akasimama mlangoni akauliza nani amekufa.

Ataanza na madarasa matatu kwa wiki, asubuhi, kutoka nyumbani. Zamu za usiku mwisho! Nimevichukua vile viatu vyake vya zamu nikavitupa. Amevifuata pipani, anasema bado ana zamu nne za kumalizia.

Shemeji amepiga kumpongeza dada yake, kisha akaniomba mimi. Akasema nilifanya jambo la maana kulikata sanduku. Nikamshukuru. Akauliza sasa nimeelewa? Nikamwambia nimeelewa vizuri sana. Na ni kweli, nimelifikiria tangu Jumanne. Sanduku lilikuwa dogo. Mtandao ulibanwa.

Jumapili, 22 Juni

Tatizo jipya. Darasa la majaribio jana, mke wangu anaeleza namna ya kupima homa, na kishikwambi cha mama mkwe kikapiga ukelele kwamba mtoto huyu si wa kwako. Wanafunzi tisa wakaacha kuandika. Mke wangu anahitaji ofisi.

Nimeichora. Uani, karibu na karakana. Hatua tano kwa nne. Ruta zote mbili zikae sebuleni, juu ya kabati, mahali pa wazi, kama walivyotaka, mimi si mbishi. Lakini ofisi yenyewe ni bati tupu. Kuta nne, paa, hata sakafu. Kila mshono umelehemiwa, mlango una mpira pande zote. Dirisha hakuna. Kelele za tamthilia haziingii, vumbi haliingii, na kwa Mwalimu haivuji hata chembe. Tena ni kubwa, hakuna kitu kitakachobanwa.

Nimemwonyesha shemeji mchoro. Ameukodolea macho mpaka chai yake imepoa. Akauliza, mtandao utaingilia wapi. Nikamwambia utaingilia mlangoni, kama watu wote. Akauliza, na mlango ukifungwa? Nikamwambia utakuwa umeshaingia tangu asubuhi. Akainuka akaenda kusimama nje peke yake.

Mke wangu ameutazama naye, mkono begani kwangu. Amecheka, kile kicheko chake. Akasema mume wangu, naomba tu kiti kiwe na pa kuwekea miguu. Nimekiongeza kwenye mchoro, cha bati, chenye mto. Hakuna mwingine atakayemfanyia hivyo.

Darasa lake la kwanza la kweli ni Jumanne, tarehe 1 Julai, wauguzi arobaini, saa tatu asubuhi. Nina siku tisa. Nikikaza, na risasi ikitosha, nitakuwa nimeziba mpaka pengo la mwisho.